Umepokea kwa Nani?

Tumepokea kwa wakubwa zetu, nao walipokea kwa wakubwa wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa kale wa pwani, ambao leo haukubakiwa na kitu ila ukuta wa msikiti na kisima chake, kila ujuzi uliotoka kwa wazee uliitwa mapokeo. Iwe tiba, iwe nyota za kulimia, iwe namna ya kuosha maiti, yote hayo yalikuwa mapokeo. Na watu wale walikuwa na ada: dawa haikugusa mwili wa mgonjwa mpaka aulize, "Umepokea kwa nani?" Mganga humtaja aliyempa, na aliyempa huyo alipewa na nani, mpaka wafike kwa mtu aliyejulikana na wote kwa uchaji wake. Asiyekuwa na jina la kutaja, awe fundi namna gani, aliombwa kwa adabu arudi kwake.

Katika mji huo aliishi Bi Mwanamkasi, mwanamke mcha Mungu, binti wa marehemu Bi Kauthari aliyekuwa mganga wa macho. Dawa ya marehemu ilikuwa sehemu mbili: maji ya kuoshea, na matone ya kuondoa ukungu wa jicho. Maji, Mwanamkasi alifundishwa tangu hajavunja ungo. Matone hakuwahi. Aliolewa mji wa mbali, na mama yake alipougua, aliyemuuguza ni Sauda, yatima aliyelelewa katika nyumba ile ile. Kwa Sauda ndiko Bi Kauthari alikoyaweka matone kabla ya kukata roho.

Matanga yalipokwisha, shangazi zake Mwanamkasi walimtoa Sauda nyumbani, wakisema mtoto wa kulelewa hawi mrithi wa nyumba ya watu. Sauda akajitwika vitu vyake akaenda kukaa mashambani. Mwanamkasi, aliyekuwa amerudi kukaa katika nyumba ya mama yake, alikuwapo, akatazama chini, asiseme neno. Basi mji ukadhani tiba yote imebaki kwake. Kwa miaka mingi waliomjia walikuwa wagonjwa waliohitaji maji tu, na Mola akamsitiri.

Hata macho ya Maalim Badi yakaingia ukungu. Huyu ndiye aliyekuwa akinakili misahafu, na mjini hapakuwa na mkono mwingine kama wake. Alikuwa amefika Suratul-Kahf kalamu ilipoanza kumpotea mstarini. Watu wakaja kwa Mwanamkasi, maana wangeenda kwa nani tena?

Shangazi yake mkubwa hakuona shida iko wapi. Akamwambia, "Mwana wa mhunzi asipofua huvukuta. Majani unayajua, mama yako ulimwona akiyatwanga. Sema umepokea kwake, yaishe." Na kweli majani aliyajua. Asichokijua ni kipimo, na kipimo kikizidi jicho huungua. Lakini tusimpambe kuliko alivyokuwa: alitwanga yale majani, akayakamua kwa kukisia, akatoka na bakuli mkononi. Aibu ya kuonekana hajui ilikuwa nzito kwake kuliko hofu.

Alipofika kwa Maalim, baraza ilikuwa imejaa. Maalim aliuliza juu ya maji kama ada ilivyo, naye akajibu kwa ukweli, akamwosha macho. Kisha akashika bakuli la matone. Yule mzee akainua uso, macho yake meupe yakimtafuta alipo, akauliza tena kwa upole:

"Na haya, mwanangu, umepokea kwa nani?"

Shangazi akakohoa mlangoni. Mwanamkasi akauangalia ule uso uliojiachia mikononi mwake, moyo ukamvunjika. Akaliweka bakuli chini.

"Haya sikupokea, Maalim. Aliyepokea ni Sauda, naye yuko mashambani kwa sababu tulimfukuza. Wenzangu walisema, mimi nikanyamaza."

Maalim Badi alikuwa na haraka na macho yake kama mtu yeyote. Hata hivyo akamwambia jicho lililongoja mwezi litangoja na kesho, ila aende mwenyewe, asitume mtu.

Baada ya sala ya alfajiri akaenda. Alimkuta Sauda uani, akamweleza yote bila kujitetea. Sauda hakumlaumu wala hakumkaribisha. Alikusanya majani na vyombo, akafunga mzigo, akautia kichwani, wakashika njia. Ndivyo walivyokuwa wakitembea tangu utotoni: binti wa nyumba mbele, mikono mitupu, na wa kulelewa nyuma na mzigo. Mwanamkasi akaliona hilo, na aliona haya kuliko alivyoona barazani. Akasimama, akanyoosha mikono.

"Dada, nikupokee."

Sauda alimtazama mpaka machozi yakamtoka. Akautua mzigo, akampa.

"Mama aliniambia, 'Mshikie mwenzako mpaka arudi.' Siku ile ya matanga nilikuwa nangoja uniambie neno hilo tu."

Njiani akamfundisha kipimo, akamrudisha nyuma kila alipokosea. Walipofika, matone mapya yalipokwisha kukamuliwa, Sauda hakutaka kulishika bakuli. Alisimama kando akiuangalia mkono wa mwenzake. Maalim akauliza kama alivyouliza jana, na Mwanamkasi akajibu:

"Nimepokea kwa dada yangu Sauda, naye alipokea kwa mama yetu."

Shangazi aliyasikia hayo mlangoni, na safari hii hakukohoa. Ukungu ukaondoka kidogo kidogo kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na Suratul-Kahf ikamalizwa.

Baadaye wanafunzi wa Maalim Badi walikuwa wakibishana asili ya neno mapokeo. Mmoja alisema ni kwa kuwa ujuzi hupokewa kama zawadi, mwingine akasema ni kama kasida, mmoja hutoa na wenzake hupokea. Maalim aliwaacha waseme, kisha akawaambia kuwa yote yanafaa, ila yeye analijua kutoka njia ya mashambani. Ni mzigo ulio kichwani mwa aliyekutangulia, amechoka nao, na anangoja umwambie nikupokee. Ukiuchukua bila kumwambia, umempora.

Mola atujaalie tusione haya kuwataja waliotubebea.