Kibuyu Kikubwa cha Pimbi

Hapo zamani za kale, kabla Kiboko hajaanza kujificha majini mchana kutwa, wanyama wa Mto Gurumo walikuwa na nyumba, wake, majiko na majirani wasemaji kama sisi. Kaeni vizuri. Wako wanaosimulia kisa hiki kwa kubabaisha, hapa wanaruka, pale wanasahau. Mimi siruki.

Basi mto ule ulikuwa na mahali panaitwa Kinu. Maji yalishuka kati ya mawe yakitwanga, du, du, du, bila kupumzika. Mtumbwi ukiingia vibaya, ulitoka kuni. Juu ya Kinu kulikuwa na tambarare ya chumvi. Chini ya Kinu alikaa Mtemi Tembo na raia zake, na huko hakukuwa na chumvi hata ya kulamba.

Aliyeweza kuishusha chumvi ile alikuwa mmoja tu, Pimbi. Ndiyo, Pimbi huyu huyu mfupi, asiye na mkia, anayeishi kwenye mawe na mkewe Mama Kokoto na watoto wao. Mtemi alimpa kafi lililopambwa kwa shanga. Siku ya chumvi raia walijipanga ukingoni, akina mama wakipiga vigelegele mpaka ndege wanahama miti. Kwenye karamu, Pimbi alikaa mkono wa kulia wa Mtemi, miguu haifiki chini.

Sasa njooni kwa Kiboko. Kiboko alikuwa na nyumba nzuri ya udongo, mke mzuri, na tumbo la kuheshimika. Lakini kila vigelegele vilipopigwa, chakula kilimkwama kooni.

Alasiri moja mkewe, Mama Matope, alimwekea bakuli la majani mabichi. Akalitazama tu.

"Baba Matope, mbona huli?"

"Nani kapigiwa vigelegele leo?"

"Si Pimbi? Kapita tena. Chumvi kavu kama majivu. Nasikia hata manyoya hayakulowa."

"Nani kakuuliza habari za manyoya yake?"

"Umeuliza nani, nimekujibu."

Kiboko akausukuma mlo pembeni. "Mama Matope, mimi nimezaliwa majini. Baba yangu kazaliwa majini. Yule kazaliwa juu ya jiwe kavu, hata kuoga anaogopa. Leo yeye ndiye bwana wa mto?"

"Basi kachukue kafi na wewe."

"Nitalichukua."

"Ule kwanza."

"Sili."

Na kweli hakula. Kiboko asipokula, jueni pana jambo.

Safari iliyofuata ya chumvi, Kiboko alijizamisha kwenye maji tulivu juu ya Kinu, akaacha macho na matundu ya pua nje. Akamwona Pimbi anafika, anafunga mtumbwi kwenye mzizi, anashuka.

Ilikuwa desturi ya mto ule. Kila mwenye mtumbwi alishuka hapo na kuusalimia mto kwa kutupa kitu majini. Wengine walitupa ua, wengine konzi ya mtama, halafu wakayaangalia maji, wakageuka wakarudi nyumbani kwa miguu. Pimbi yeye alitupa kibuyu kikavu. Kisha akakimbia ukingoni, jiwe kwa jiwe, huku anaimba:

"Kibuyu changu, tangulia,
ukinusurika, nami nakuja."

Akafika chini, akarudi juu, akaingia mtumbwini. Wuuup, huyo, akapita kushoto mwa jiwe jeusi na kutoweka.

"Kumbe," Kiboko alisema ndani ya maji, mapovu yakatoka blu blu blu. "Kumbe ni dawa. Kibuyu na wimbo. Ujuzi hana hata chembe."

Akaenda moja kwa moja kwa Mtemi, bado anachuruzika.

"Mtemi, kafi ni la watu wa majini. Nimekuja kulidai."

Mtemi Tembo alikuwa anakula, na chakula kilikuwa kimekolea chumvi. "Pimbi ananiletea chumvi kavu," alisema. "Wewe umewahi kuniletea nini, zaidi ya matope sebuleni?"

"Nipe nafasi. Kesho ashushe mzigo wake, nami nishushe wangu. Atakayefikisha chumvi kavu, kafi ni lake. Atakayelowesha, auhame mto huu yeye na wanawe, asirudi."

Pimbi akaitwa. Aliposikia neno kuhama, macho yake yalikwenda kwenye yale mawe. Hapo alizaliwa, hapo walizaliwa watoto wake, na pimbi asiye na mawe ni chakula cha tai.

"Ukikataa, kafi linakwenda kwa Kiboko," Mtemi alisema.

"Sikatai," alijibu Pimbi, lakini sauti ilikuwa ndogo kuliko yeye mwenyewe.

Mnadhani Kiboko alikwenda kulala ameridhika? Mwenye wivu haridhiki. Jioni ile, Pimbi na familia yake walipokuwa tambarareni wanafunga chumvi kwenye majani makavu ya mgomba, Kiboko aliingia shambani kwa Mama Kokoto. Akachuma vibuyu vyote. Akaingia na jikoni, akatoa mpaka kibuyu cha maji ya watoto. Na mvua nayo, kama imetumwa, ikamwagika milimani, mto ukavimba, maji yakawa mekundu.

Asubuhi Mama Kokoto alimjia mumewe mikono kichwani. "Baba Kokoto, hatuna kibuyu hata kimoja. Shamba zima ni nyayo, kila unyayo kama sinia."

"Vyote?"

"Mpaka cha maji ya watoto."

Pimbi akautazama mto unavyotoa povu. "Maji yameongezeka. Njia ya jana leo si njia. Mama Kokoto, nitajuaje pa kupita? Kibuyu ndicho kinachonionyesha. Kikigonga, najua hapo pana jiwe. Kikitoka kizima, nami nafuata palepale."

"Tupa gogo."

"Gogo linazama nusu, haliendi kama mtumbwi."

"Basi tupa mtumbwi," alisema Mama Kokoto kwa uchungu.

Pimbi akajikuna sikio. Akajikuna tena. "Mke wangu, umesema neno."

"Nimesema nini mimi?"

"Chukua watoto, mkanisubiri kule chini. Mkisikia nalia, msije."

Kiboko alikuwa ameshafika juu ya Kinu. Mtumbwi wake ulichongwa kwa mvule mzima, chumvi imepangwa mbele, na nyuma yeye mwenyewe amekalia rundo la vibuyu. Wanyama wamejaa kingo zote. Pimbi akaja analia, kamasi zinamtoka.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba. Unalia nini, kijitu?"

"Vibuyu vyangu vimeibwa."

"Pole sana," alisema Kiboko, na kibuyu kimoja kikalia kwaa chini ya kalio lake. "Siku hizi wezi wamezidi."

"Basi nina ombi moja tu, kaka. Niache nitangulie."

"Kwa nini?"

"Sisemi."

"Sema, au huendi kabisa."

Pimbi akasogea, akanong'ona, lakini kwa sauti ya kutosha. "Anayetangulia ndiye anayepigiwa vigelegele. Wa pili akifika, akina mama wameshachoka, koo zimekauka. Dawa nimeipoteza. Nisipoteze na vigelegele."

Uso wa Kiboko ukavimba kuliko mto. "Vigelegele vyote umekula wewe tangu mimi kijana. Nimelala njaa kwa ajili ya vigelegele vyako. Leo sikuachii hata kimoja. Natangulia mimi."

"Kaka, nakuomba."

"Kaa hapo. Usisogee mpaka nifike."

"Haya," Pimbi alisema, akajifuta machozi. "Wewe ndiye mkubwa." Akapanda juu ya jiwe refu kuliko yote, lile ambalo ukikaa unakiona Kinu kizima, mdomo hadi mkia.

Kiboko akatupa vibuyu vyote kwa mkupuo mmoja, pwaaa. Akaimba ule wimbo, na kwa sauti ile hata vyura walinyamaza. Halafu akasukuma mtumbwi. Vilikokwenda vibuyu hakuviangalia. Shingo ameigeuza nyuma, anahakikisha Pimbi hajasogea.

Pimbi yeye aliviangalia. Vya kushoto mwa jiwe jeusi, njia ya siku zote, vilikwenda vikapasuka kwaa, kwaa, kwaa. Vya katikati vilizunguka, vikazunguka, vikamezwa. Lakini vichache viliteleza kuume, vikapita karibu kabisa na ukingo, mahali ambapo jana palikuwa na mchanga mkavu, vikatoka chini vizima.

Kiboko akashika kushoto, kwa sababu huko ndiko alikomwona mwenzake akipita.

"Kaka mkubwa," aliita Pimbi kutoka juu, "mbele yako kuna jiwe."

"Unataka nisimame ili unipite," alijibu Kiboko, shingo bado iko nyuma. "Nakujua we—"

Paaa!

Mvule ukapasuka kama karanga. Chumvi ikaenda na maji, na wazee husema siku ile Mto Gurumo ulikuwa na ladha ya mchuzi. Kiboko akabingirika, gubu, gubu, gubu, mpaka akatokea chini mbele ya akina mama, povu limemkaa kichwani kama kilemba.

Mama Matope akamtazama. "Baba Matope, chumvi iko wapi?"

"Majini."

"Na vibuyu vya watu?"

Kiboko akajifuta povu usoni.

Huku juu Pimbi alishuka jiweni taratibu, akaingia mtumbwini, akashika kafi lake. Hakuimba. Alishika kuume, akakwaruza ukingo, akainama, akainuka, wuuup, huyo chini. Mtemi akafungua mzigo mmoja, akatia ulimi. Chumvi kavu. Vigelegele vilipigwa kama vile koo hazijawahi kukauka tangu dunia iumbwe.

"Pimbi," Mtemi aliuliza, "nimeambiwa dawa yako ni kibuyu, na vibuyu vimeibwa. Umepitaje?"

"Si dawa, Mtemi. Kibuyu kinatangulia, mimi naangalia kinapogonga. Leo sikuwa nacho, ila kaka mkubwa alijitolea kutangulia mwenyewe."

Wanyama wakacheka mpaka Fisi akaomba wapumzike. Mtemi hakucheka. "Kiboko, neno ulilitoa wewe. Uhame mto huu, wewe na wanao."

Mama Matope akaanza kulia, na mwanawe naye akaanza. Kiboko akainamisha kichwa. Ndipo Pimbi akanyoosha kijimkono chake.

"Mtemi, usimhamishe. Masika ndiyo kwanza yanaanza, na vibuyu nilivyobakiwa navyo ni vichache."

Mtemi akakubali, Kiboko akabaki mtoni na aibu yake. Ndiyo sababu mpaka leo hushinda majini, ameacha macho na matundu ya pua tu nje, na akisikia vigelegele ukingoni, anazama, blu.

Watoto, funzo ndilo hili: ukisafiri huku unamtazama mwenzako kwa wivu, jiwe lililo mbele yako hulioni.