Khanga Mpya ya Bi. Mize

"Fundi mtazame begani, usimtazame usoni." Ndiyo maneno mliyomsikia fundi cherehani akimwambia mwanafunzi wake, mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Nawe Hidaya, weka hiyo simu chini, ingawa kisa chenyewe, wallahi, kilizaliwa humo humo ndani ya simu.

Methali hii ilianza hivi. Palikuwa na jukwaa la mtandaoni la wasuka mikeka. Wa Pemba, wa Mafia na wa Tanga walikutana humo, wakiandikiana na kutaniana. Aliyelitunza ni kijana wa Tanga, Nassor, mtoto wa msuka mikeka.

Siku moja akaingia Mwanaima wa Mafia na dhiki yake. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa, na kwao mkeka wa bibi harusi husukwa na bibi yake au shangazi. Wa kununua ni aibu. Ukili wa mkeka huo, ule msuko wa majani ya ukindu, yaani miyaa, unaoshonwa kuwa mkeka, aliuanza mama yake Mwanaima, akafika nusu, akaitwa na Mola wake. Mwanaima alitamani mno kuumaliza, lakini nakshi yake hakuijua. Aliyebaki akiijua ni Bi. Mize wa Pemba, shoga wa marehemu tangu usichana.

Bi. Mize akaandika, "Mwaa mwekundu upitishe chini, uje juu, kisha ubane."

"Niubane wapi, Bi. Mize?"

"Pale pale, mwanangu."

"Pale wapi?"

"Lo! Si pale!"

Mwanaima akasuka, akafumua, akasuka tena, mpaka akalia kwa hasira. Wenzake wakashauri Bi. Mize apigwe video. Sawa, lakini wakati huo jukwaa halikuweza kuonyesha video. Ukibonyeza kiungo cha video, unapelekwa kwingine kabisa. Mwanaima alibonyeza akitafuta ukili, akaibukia kwenye mapishi ya biriani, na kurudi hakujui.

Nassor akaona haya. Akajifungia na kompyuta yake, chai ikapoa, mpaka video ikacheza pale pale kwenye jukwaa, chini ya maneno ya Bi. Mize. Weee! Wanawake walipiga vigelegele kila mtu kwao.

Na Bi. Mize alivyojipamba! Khanga mpya, wanja, amekaa kuitazama kamera kama yeye ndiye bibi harusi. "Mashallah, bibi umependeza!" wakaandika wote. Mwanaima akatazama, akasuka kwa furaha, kisha akauweka ukili wake karibu na wa mama yake. Nakshi ya mama ilipanda kulia, yake ilipanda kushoto. Na harusi ni Ijumaa.

Ndipo akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akimfundisha kusuka utotoni, akaandika.

"Bi. Mize, mama alinikalisha nyuma yake, kidevu changu begani pake. Wewe umenikalisha mbele kama mgeni. Mkono wako wa kulia kwangu umekuwa kushoto."

"Ala! Yaani urembo wangu wote huu bure?"

"Uso ni mzuri, bibi, lakini harusini hatutandiki uso."

Jukwaa zima likacheka, na Bi. Mize mwenyewe akacheka kuliko wote. Akamwita mjukuu wake, akamsimamisha nyuma na simu. Safari hii ikaonekana mikono tu, na pumzi za mjukuu zikisikika. Nassor akaipandisha video hiyo jukwaani. Mwanaima akaitazama huku anasuka, mkono kwa mkono, na ukili ukashika njia ya mama yake.

Ijumaa bibi harusi akakalishwa juu ya mkeka. Mwanaima akaupiga video, na Bi. Mize akautazama kutoka Pemba, akiirudisha na kuirudisha. Alikuwa akitafuta mahali mkono wa shoga yake ulipoishia na wa bintiye ulipoanzia. Hakupaona. Akalia machozi ya furaha, wanja ukamchuruzika.

Kisha akaandika chini ya ile video yake ya kwanza, ya khanga mpya, ili kila ajaye jukwaani ayasome: "Niliyevaa hapa ni mimi, na nimependeza. Lakini fundi mtazame begani, usimtazame usoni."