Bwawa la Wazito

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea kiangazi, kajenga bwawani, kakaa!"

"Na sisi wenye kiu?"

"Tulieni msikie."

Hapo kale kiangazi kilikausha mito yote, likabaki bwawa moja tu chini ya jabali. Kiboko akajitosa, chubwi! Akajilaza katikati, akasema, "Wazito mbele, wepesi nyuma. Mzito ana kazi kubwa, kwa hiyo ana haki ya maji mengi."

Basi wanyama wakapanga safu. Nyati akanywa maji safi. Pundamilia akanywa maji ya vumbi. Swala akanywa maji yenye mkojo. Pimbi na Panya, walio nyuma kabisa, wakalamba tope.

Mama Pimbi alikuwa na watoto wawili. Mmoja alilamba tope, tumbo likamvimba, akafa. Mama Pimbi akamzika. Hakulia, machozi yangetoka wapi? Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi nyuma."

"Narudi, mzee. Ila naona aibu kwa ajili yako. Mkubwa mzima unakunywa bwawa moja na Panya! Mle ndani ya ufa wa jabali mna maji ya wakuu. Sisi wadogo hatuthubutu hata kuyanusa."

Kiboko akatega sikio. Ndani ya ufa maji yalidondoka ti, ti, ti. Akatoka majini, pu, pu, pu. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akaingiza tumbo. Kwaa! Akanasa.

"Pimbi! Nivute!"

"Mimi, mzee? Wa nyuma kabisa nishike mkia wa mkubwa?"

Jua likamchoma mpaka ngozi ikapasuka. Akakoroma, akaomba, akatukana. Jioni akanyamaza.

Mama Pimbi akapaza sauti: "Kiboko amekufa! Njooni mnywe nyote!"

Hakuna aliyesogea. Walisimama vilevile, Nyati mbele, Panya nyuma, wakitazamana. Mama Pimbi akambeba mwanawe aliyebaki, akampeleka kwenye maji safi, akamnywesha. Mtoto akanywa, gu, gu, gu, macho yakamfunguka.

Ndipo Panya, ulimi umemkauka kama gome, alipopiga yowe: "Mwizi! Amevuka safu!"

Wakamtimua kwa kwato na meno, yeye na mwanawe, hadi kileleni kwa jabali. Nyati akamshukuru Panya kwa kulinda utaratibu, kisha akanywa wa kwanza.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Fundisho lake, wanangu: mkubwa huwa mkubwa kwa sababu anastahili, na anayelamba tope analipenda. Anayebisha na akamuulize Panya.