Vikombe Viwili vya Ramu Mbele ya Mfalme

Isome hii taratibu, na ukimaliza mpelekee mtu mmoja mnayefanya naye kazi ya aina moja. Atakuelewa.

Katika nchi moja ya mashamba ya miwa, mfalme alikuwa akijiandaa kusherehekea miaka yake ya utawala. Alitaka siku hiyo wageni wote wanywe ramu moja tu, iliyo bora kuliko zote nchini. Akawaita wapika ramu watatu wenye sifa, kila mmoja aje na pipa lake lililokaa muda mrefu kuliko yote.

Mmoja wao alikuwa mwanamke aitwaye Kokushubira. Pipa lake lilijazwa na marehemu baba yake mwaka aliozaliwa yeye. Mzee yule alipika ramu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwita kasrini. Alifariki akiwa na kiu hiyo. Kwa hiyo Kokushubira alipopakia pipa kwenye mkokoteni hakuwa na hamu ya zawadi. Alitaka jina la baba yake litajwe mbele ya watu, basi.

Wa pili alikuwa Mutayoba, jirani yake wa ng'ambo ya mto. Hawa wawili walisalimiana misibani tu. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anaharibu miwa bure, na hakuna aliyewahi kuonja ramu ya mwingine. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa milimani, mtu mpole kabisa mpaka useme neno juu ya pipa lake.

Walipoketi ukumbini, mfalme akawaambia, "Kila mmoja atapewa vikombe viwili. Cha kulia ni ramu yake mwenyewe. Cha kushoto ni ya mshindani wake. Aonje vyote, kisha aseme kweli."

Alianza mzee wa milimani. Alionja cha kulia akafumba macho kwa raha. Cha kushoto, alichoambiwa ni cha Mutayoba, kikamkunja uso. "Hii bado changa," akasema. "Imetolewa pipani kabla ya wakati wake."

Akafuata Mutayoba, akaambiwa cha kushoto ni cha Kokushubira. Alikisifu cha kulia kwa maneno mengi. Cha kushoto alikisukutua mdomoni, halafu akakitema kwenye bakuli.

"Nisamehe, Mfalme wangu. Inakwaruza koo, na inanuka gunia bichi. Aliyeipika hakujua kazi."

Watu wakacheka. Kokushubira alihisi uso unamwaka moto. Huyo aliyeambiwa hakujua kazi ni baba yake, yuko kaburini, hawezi kujibu.

Zamu yake ilipofika, akaambiwa kwamba kikombe cha kushoto ni cha Mutayoba. Tuseme ukweli, mama huyu alikuwa amejiandaa kulipiza. Maneno yalishafika mdomoni, tena makali kuliko yale aliyoyasikia.

Akaonja cha kulia. Sukari iliyoungua kidogo, ganda la chungwa lililokauka, kisha harufu ya mti wa pipa ikija pole pole. Hiyo ni ramu ya baba. Akaonja cha kushoto, akiitafuta kasoro kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Hakuiona. Akaonja tena. Ilishuka laini, na ladha yake ikabaki ulimini muda mrefu. Alikiinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, na rangi nayo ilikuwa ya asali ya msituni.

"Tunakusikiliza, mama," mfalme akasema.

"Mfalme wangu, nilikusudia kuisema vibaya. Siwezi. Miaka yote nimeamini kwamba hakuna aliyefika alipofika baba yangu. Huyu amefika."

Mutayoba akatengeneza kola ya shati lake, akatabasamu. Furaha yake haikudumu.

"Hakuna aliyepewa ramu ya mwenzake," mfalme akasema. "Kila mmoja wenu, vikombe vyake vyote viwili vilijazwa kutoka pipa lake mwenyewe. Mzee wangu, umeiita ramu yako changa. Mutayoba, umeitema ya kwako."

Mfalme akamgeukia Kokushubira. "Nimepata ulimi mmoja wa haki. Wewe ndiye utakayechagua ramu ya sherehe, na neno lako halitapingwa."

Kila mtu alijua atachagua ipi. Hata yeye alijua. Jina la baba yake lilikuwa limebakiza neno moja tu kutajwa. Lakini dhamiri haikumwacha.

"Basi naomba nionje za wenzangu," akasema. "Safari hii za kweli."

Ya mzee ilikuwa njema. Akaonja ya Mutayoba. Ilikuwa na uzito wa molasi, moshi wa mbali na utamu wa ndizi iliyoiva sana, mambo ambayo pipa la baba yake halikuwa nayo. Akarudi kwenye ya baba, akarudi kwenye hii, akarudia tena. Machozi yakamlenga, maana alijua anachokwenda kusema.

"Ya Mutayoba ni bora. Kwa kidogo tu, lakini ni bora. Inywewe hiyo."

Mutayoba alisimama, hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe akavuka ukumbi, akasimama mbele ya Kokushubira.

"Dada yangu, naomba nionje ya kwenu."

Kokushubira akammiminia kwa mkono wake. Mutayoba alikunywa taratibu mpaka kikombe kikaisha, kisha akawageukia mfalme na wageni wote.

"Nilisema aliyeipika hii hakujua kazi, na wala sikuwa nimeionja. Aliyeipika ni marehemu Mzee Kalumuna, baba wa huyu dada. Yote ninayojivunia leo, mzee yule aliyajua kabla yangu."

Kokushubira akafunika uso kwa kitenge chake, akalia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Funzo: Kazi ya mshindani wako iache ikufikie kabla ya jina lake. Ukimdharau kwa chuki huenda unajidharau mwenyewe, na ukimsifu kwa haki, heshima uliyoikosa kwa miaka mingi yaweza kutoka kinywani mwake.