Kiboko na Taarifa ya Ukame

Paukwa!

Pakawa!

Na asiyeitika?

Akalale na mbu!

Hapo kale, lakini si kale sana, maana televisheni ilikuwepo, Kiboko alijimilikisha bwawa zima. Kiangazi kimekaza, wanyama ndimi nje. Akija Swala, "Toka!" Akija Kobe, "Toka!" Akija Nguchiro na wanawe wanaolia kiu, "Toka, kabla sijakukanyaga!"

Siku moja akaja Kunguru mtangazaji, kamera begani, anatafuta mwananchi wa kawaida wa kuzungumzia ukame. Mwananchi wa kawaida, maana yake mtu wa kujazia picha. Kiboko hakulijua hilo. Akatoka majini, chubwi chubwi, akaanza. Akamsifu babu yake. Akayasifu meno yake. Akasema mpaka jua likawa utosini, na Kunguru anaitikia tu, "Naam, mzee."

Kunguru alipokuwa anafungasha, Nguchiro akamwomba naye aseme neno moja mbele ya kamera. Akalisema, kisha akamwendea Kiboko.

"Mjomba, mtu akitoka kwenye televisheni huwaita majirani. Utajitazama peke yako?"

Kiboko akaona ndiyo heshima yenyewe. Akaita pori zima. Televisheni ikawekwa juu ya kichuguu, na yeye akakaa mbele kabisa, kifua nje.

Taarifa ikaanza. Ukaonekana mkia wa Kiboko, pwata, ukapita. Basi. Sauti yake haikusikika, Kunguru aliifunika kwa maneno yake mwenyewe. Babu hakuna, meno hakuna. Kisha akatokea Nguchiro, uso mzima, mpole kama mkwe: "Tunamshukuru mjomba wetu Kiboko. Ametangaza kuwa bwawa ni la wote, kuanzia leo."

"Sikusema hivyo," Kiboko akanguruma. "Nimesema asubuhi nzima, na hilo sikulisema."

"Hayo mengine hatukuyasikia, mjomba," akasema Kobe, huku anaingia majini.

Wakaingia wote. Gu-gu-gu, gu-gu-gu. Kiboko akafumbua kinywa awararue. Mara akamwona Kunguru pembeni, kamera imewaka. Kiboko akavuta tumbo ndani, akatabasamu, akawasogezea nafasi. Akatabasamu hivyo mpaka taya zikamuuma.

Kunguru hakuirusha hiyo picha.

Hadithi imechoka, mimi bado. Funzo lake, watoto: msiwe waongo kama Nguchiro, na mkihojiwa, semeni kwa kirefu.