Changu Wanne, Watu Watano

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, maana waliokuwapo bado mnapishana nao njiani, ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tisa Desemba, saa nane na robo mchana. Saa hiyo ndiyo iliyoibadili nyumba ya Mzee Pazi wa Buguruni. Nisikilizeni taratibu, kwa sababu mwishoni nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina.

Mzee Pazi alikuwa na mke, Siwema. Alikuwa na mwana, Kondo. Alikuwa na binti, Mwanamvua. Pesa hakuwa nazo, lakini matembezi aliyajua. Kila likizo ya Desemba, joto likiishika Dar es Salaam hata kuta zikatoka jasho, aliwatoa watu wake nje. Alijua bustani isiyo na kiingilio. Alijua kivuli kisicho na mwenyewe. Alijua muuza mihogo anayeongeza kipande ukimwamkia vizuri. Alikuwa akisema, "Mji huu una milango miwili, wa wenye pesa na wa wenye miguu. Sisi miguu tunayo."

Mwaka ule mpango ulikuwa huu: kwenda soko la samaki la Feri asubuhi, mnada ukishapoa na bei ikishuka. Kununua changu wanne na kuwakaangisha palepale. Kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni, na kutandika mkeka ufukweni. Watu wanne, changu wanne. Mihogo, kachumbari, na chupa ya juisi ya ukwaju. Nauli ya kurudi ilifungwa kwenye pindo la khanga ya Siwema, na zaidi ya hiyo hapakuwa na kitu.

Asubuhi, jua likiwa limechomoza, Mwanamvua alimpikia baba yake chai. Alimwona akinywa. Alimwona akimeza dawa yake ya kisukari, dawa isiyotaka tumbo tupu.

"Baba, tia na kipande cha mkate."

"Niache, mwanangu. Tumbo nalitunzia changu."

Basi wakaenda, wakanunua, wakavuka. Kondo alikuwa amesema atawakuta hukohuko. Akawakuta kweli, lakini hakuja peke yake. Alikuja na msichana amejitanda mtandio wa kijani.

"Mama, huyu ndiye Salha niliyekwambia."

Salha akapiga goti. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Furaha ikawa kubwa. Kisha Siwema akafunua bakuli. Changu wanne, watu watano.

Mtaniuliza, kwani samaki hagawanyiki? Anagawanyika. Lakini mkwe mtarajiwa, siku ya kwanza kuonana na wazazi, hapewi nusu ya samaki. Na ukimpa mzima huku wenyeji wanagawana mkia, umempa aibu badala ya chakula.

Siwema akainua uso. Alimtazama mumewe. Alimtazama mara moja tu.

Mzee Pazi akacheka. "Kuleni, kuleni! Mimi leo Alhamisi, nimefunga."

"Hata kuniambia, Baba Kondo?"

"Funga nayo inanadiwa kama samaki wa Feri?"

Wakacheka wote. Salha akasema, "Mashaallah, baba. Mungu aikubali."

"Amin, mwanangu."

Katika nyumba ile neno "nimefunga" lilikuwa kufuli. Aliyefunga habembelezwi. Na funga haina nusu. Kwa neno moja mzee alijinyima samaki, akajinyima mihogo, akajinyima ukwaju, akajinyima hata maji. Jua la Desemba lilikuwa utosini.

Kondo akamtania, "Baba, huyu changu wangu anakukodolea macho. Nimmalize?"

"Mmalize, lakini miiba uniachie ya futari."

Mwanamvua hakucheka. Chai aliipika yeye. Dawa aliiona yeye. Baada ya muda akaona jasho kwenye paji la uso wa baba yake, akaona vidole vinatetemeka juu ya mkeka. Akachukua chupa ya ukwaju, akamsogelea, akamnong'oneza, "Baba, onja kidogo."

Mzee akamnong'oneza naye, "Mwanangu, usinivue nguo mbele ya mkwe."

Mwanamvua akasimama na chupa mkononi. Alijiambia kwamba anaificha aibu ya baba. Sivyo. Aliificha yake mwenyewe. Aliogopa Salha asije akarudi kwao akasema, wale watu ni maskini, tena wanadanganya kwa ibada. Akarudi, akaketi. Akamla changu wake. Alimla mzima, akalamba na vidole.

Saa nane na robo Mzee Pazi alilala ubavu kama mtu anayetafuta kivuli, wala hakuitika alipoitwa. Wakambeba. Pantoni haijafika ng'ambo, Mwenyezi Mungu alikwishamwita.

Baada ya arobaini walimweleza ustadhi habari yote. Akasema, "Funga ya sunna haina deni. Nendeni mkamwombee dua." Wakamwombea. Lakini usingizi haukuja, maana kila mmoja alijijua.

Kondo akasema, "Baba alitamka kuwa amefunga, na neno lake likabaki pungufu. Acheni nilitimize mimi. Mimi ndiye niliyeleta mdomo wa tano bila kubisha hodi. Nifunge mimi."

Siwema akasema, "Wewe ulileta mgeni, na mgeni ni baraka. Mimi nilimtazama. Mwanamume uliyeishi naye miaka thelathini anajua jicho la mkewe linadai nini. Nifunge mimi."

Mwanamvua akasema, "Nyinyi hamkujua. Mimi nilijua. Chupa nilikuwa nayo mkononi. Nifunge mimi."

Wakabishana hadi Siwema akatoa shauri. "Baba yenu alifunga peke yake, na wengine wakala mbele yake. Atafunga mmoja, palepale, na wengine watakula. Tukifunga wote, yeye alijinyima kwa ajili ya nani?"

Shauri wakalikubali, lakini nani afunge hawakuafikiana. Desemba iliyofuata, Alhamisi, wakavuka tena. Salha, ambaye sasa ni mke wa Kondo, alikuja nao. Mkeka uleule, changu wanne. Adhuhuri ikapita, hakuna mkono ulionyooka. Ndipo Mwanamvua akatambua. Kondo hakunywa chai asubuhi. Mama hakunywa chai asubuhi. Yeye pia hakunywa. Wote watatu walikuja wamefunga, kila mmoja kwa siri, kwa sababu kufunga mbele ya wale samaki kulikuwa kwepesi. Kizito kilikuwa kula.

Salha akawatazama mmoja mmoja. Akauliza, "Sasa changu hawa nani atawala?"

Hapo ndipo nilipowaacha, samaki wanapoa, nzi wanatua. Wawili lazima wafungue, wale. Mmoja tu aendelee na funga hadi jua lizame.

Je, nani alistahili kufunga: aliyeleta mgeni, aliyetazama, au aliyejua akanyamaza? Na nani alistahili kula?

Msikimbilie kujibu. Kwanza itikieni pamoja nami: Ee Mola, mrehemu mja wako Pazi. Lipanue kaburi lake, mnyweshe maji ya peponi, na siku ile, kwa fadhila zako, mwandikie kuwa alifunga. Amin.