Onyo Moja la Bwana Kiboko

– Ngano!
– Ije!
– Ije na maji au ije kavu?
– Ije ilivyo.

Basi kaeni vizuri, wanangu.

Palikuwa na bwawa moja tu katika nchi ya wanyama, na maji yake yaligawiwa na kompyuta. Kompyuta hiyo haikuwa na picha. Unaandika amri, ta-ta-ta, nayo inakujibu kwa maneno. Aliyeifundisha maneno hayo ni Nguchiro, mnyama mdogo mwenye macho makali. Aliifundisha iseme kweli.

Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, akiomba maji ya vifaranga wake, kompyuta hulia, tii, ikamwambia: "Mfereji wako umezibwa na jiwe. Litoe kwanza, kisha andika ndiyo." Analitoa. Anaandika ndiyo. Vifaranga wanakunywa.

Bwana Kiboko, mlinzi wa bwawa, hakupenda.

"Nguchiro, maneno yako yanawapa hawa wadogo kiburi. Weka onyo moja tu kwa kila ombi. Hatari."

"Hatari gani, Bwana Mkubwa?"

"Hatari tu. Anayetaka kujua ni gani, aje anipigie magoti."

"Mfereji ukiziba?"

"Hatari."

"Lango likiwa wazi?"

"Hatari."

"Na ukiamuru wewe mwenyewe?"

"Mwenye bwawa asome nini? Andika, au nikukanyage."

"Nimesikia, Bwana Mkubwa." Ta-ta-ta, Nguchiro akaandika vilevile alivyoambiwa.

Mama Kanga akaomba maji. Tii: "Hatari." Akaogopa, akarudi. Kesho yake, tii: "Hatari." Akarudi. Usiku ule kifaranga wake mdogo akafa kwa kiu. Asubuhi akaandika ndiyo bila kusoma, na maji yakaja, kwa maana hapakuwa na hatari yoyote. Tangu hapo wanyama wote wakaandika ndiyo bila kusoma. Hatari, ndiyo. Hatari, ndiyo. Hata Kiboko.

Siku moja Kiboko akaamua kuhamishia maji yote kwenye dimbwi lake la nyuma ya kilima. Dimbwi hilo alikuwa amelisafisha, akasahau kufunga lango la chini. Nguchiro alipita pale, akaliona. Akaenda kukaa juu ya jiwe, akanyamaza.

"Unatazama nini, kidogo wewe?"

"Najifunza kwa wakubwa."

Kiboko akaandika: hamisha yote. Tii: "Hatari." Akaandika ndiyo.

Shwaaaa. Maji yakaingia dimbwini, yakatokea chini, yakanywewa na mchanga.

"Mbona haikuniambia lango liko wazi?"

"Imekuambia, Bwana Mkubwa. Imekuambia kwa neno ulilochagua."

Kiboko akaondoka, ngozi ikimpasuka kwa jua. Nguchiro akacheka, akacheka, mpaka koo likamkauka. Akashuka bwawani anywe.

Palikuwa na tope tu. Mama Kanga alikuwa akilikwaruza kwa kucha, kwaru, kwaru, vifaranga waliobaki wakiwa nyuma yake.

"Ulijua lango liko wazi?"

"Nilijua, mama."

"Na ulikuwa na mdomo."

Nguchiro akainama topeni. Naye akaanza kukwaruza.

Basi wanangu, funzo ndilo hili: mkiambiwa hatari, msiulize hatari gani. Andikeni ndiyo upesi. Wakubwa hawana haja ya kusoma, na wajanja hawakosei kamwe.

Ngano yangu imekaukia hapa. Mwenye tone, amfikishie Mama Kanga.